Ukienda ushago Agosti hii, usirudi na mboga tu. Rudi na mbegu

Umefika. Matatu ya usiku kutoka Nairobi imekushusha alfajiri, boda imekumalizia safari kwenye barabara ya matope, na sasa umesimama langoni hapa Nyaramba, kaunti ya Nyamira. Begi mgongoni, simu ina asilimia nne ya chaji. Wa kwanza kukupokea si mtu. Ni Simba.

Simba ni mbwa. Ukihesabu maboma ya kijiji hiki utakosa idadi ya mbwa wanaoitwa Simba, na hakuna hata mmoja anayefanana na simba. Huyu wa kwenu anabweka kana kwamba hajawahi kukuona, halafu upepo unamfikishia harufu yako na mkia unaanza kucheza. Juu ya ukuta wa jikoni paka anakutazama kama mtu anayekudai. Kuku wanatawanyika. Kisha nyanya anatoka, magokoro kama tunavyomwita kwa Ekegusii, akifuta mikono kwenye leso.

“Bwakire,” unamwamkia.

Anaitikia, anakukagua kutoka kichwani hadi kwenye viatu, na kutoa hukumu: “Umekonda. Ingia jikoni.”

Sasa wacha nikwambie kitakachofuata, maana nimekifanya mwenyewe miaka mingi. Siku tatu za kwanza utalala. Utakunywa chai ya maziwa mara tano kwa siku. Utatafuta netiweki chini ya ule mparachichi ambao kila mtu nyumbani hutafutia netiweki. Utapiga selfi na ndama. Siku ya kuondoka nyanya atakufungia gunia: ndizi, parachichi, mahindi ya kuchoma, mboga zilizofungwa kwa majani ya mgomba. Utarudi Kanairo, utakula wiki moja kama mfalme, na Jumatatu inayofuata utakuwa kwa mama mboga ukinunua sukumawiki ya ishirini.

Hakuna ubaya. Lakini ukifanya hivyo kila mwaka, siku moja utaenda na gunia halitakuwepo. Agosti ushago haiko kwa ajili ya likizo yako. Ni mwezi ambao mwaka ujao unaamuliwa.

Kiangazi cha wenyewe

Wenzako walio Ulaya na Marekani wakati huu wanaposti kwamba kiangazi kinaisha. Kule Minnesota, jimbo la Marekani lenye jamii kubwa ya watu kutoka Gusii, wanaopanda managu nyuma ya nyumba wanavuna haraka kabla baridi ya Oktoba haijaua kila kitu.

Nyamira haina kiangazi cha aina hiyo. Iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta, na juu milimani. Jua huwaka asubuhi, mawingu hukusanyika baada ya chakula cha mchana, na saa kumi mvua inagonga mabati hadi huwezi kusikia redio. Mahindi yaliyopandwa mvua ndefu zilipoanza sasa yamekauka shambani au yako uani yakianikwa. Chai inaendelea kuchumwa, majani mawili na kichipukizi, kwa sababu chai haijui likizo. Na vipande vilivyovunwa vinalimwa tena, vikisubiri maharagwe na mboga za msimu wa pili.

Vipande, nimesema. Si mashamba. Sensa ya 2019 ilipata watu 605,576 katika kaunti hii ndogo, zaidi ya watu 600 kwa kila kilomita mraba. Babu aligawia wanawe, nao wakagawia wana wao, hadi leo boma moja linabana kila kitu pamoja: mistari ya chai, mahindi, migomba, nyasi za ng’ombe kando ya njia, kaburi la babu, na pale nyuma ya jikoni, ukubwa wa chumba chako cha Githurai, bustani ya nyanya.

Hapo ndipo nataka tusimame.

Mboga zisizo na kibandiko

Ukiingia asubuhi miguu italowa umande hadi magotini. Mwenye majani matano kama vidole na maua meupe yenye ndevu ndefu ni chinsaga. Waswahili wa pwani humwita mgagani, Waluo dek, Wakalenjin isagek. Huyo mwingine mwenye vijitunda vyeusi ni rinagu, yaani managu. Anayetambaa kwenye ua ni enderema. Majani mapana yaliyofunika rundo la samadi ni risosa, majani ya malenge. Na huyo anayeteleza akipikwa ni omotere, ambaye rafiki yako Mluhya humwita mrenda.

Sisi tulikua tukiambiwa hizi ni mboga za maskini. Mgeni akija, alipikiwa kabeji. Leo ukienda hoteli ya maana Nairobi utapata “mboga za kienyeji” kwenye menyu, na bei yake si ya kienyeji. Mmoja wa waliofanya kazi kubwa ya kubadilisha mawazo hayo ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, JKUAT, ambaye tangu miaka ya 1990 amezitafiti mboga hizi na kuonyesha lishe iliyomo. Nyanya yako alikuwa akisema hivyo hivyo bila maabara. Mama aliyejifungua kwa kina sisi hupikiwa chinsaga, na hakuna wa kumwuliza kwa nini.

Lakini mwulize nyanya anavyoipika, tena uwe na subira. Chinsaga ni chungu. Huchemshwa, maji humwagwa, kisha huwekwa kwenye chungu na kutiwa maziwa, ikalala hapo. Kesho yake hupashwa moto na kuongezwa maziwa mengine. Siku ya pili ina utamu ambao haukuwepo siku ya kwanza. Kando yake ni ugali wa wimbi, ule wa rangi ya udongo. Ukila hivyo, ile noodles yako ya saa sita usiku utaionea aibu.

Kila mnyama na kazi yake

Mjini tunafuga mnyama kwa upendo. Ushago pia kuna upendo, ila upendo huo una zamu ya kazi.

Ng’ombe ndiye kiwanda cha mbolea. Bila samadi yake hiyo bustani ingekuwa imechoka zamani, maana kipande kile kile kimelimwa mfululizo bila kupumzishwa. Kuku anataga, anakula wadudu, lakini mwache dakika kumi kwenye kitalu cha sukumawiki na utajua kwa nini kuna uzio wa matawi ya miiba.

Paka ndiye mlinzi wa ghala. Wewe unamwona amelala mchana kutwa ukadhani ni mvivu. Zamu yake inaanza mkilala. Mwezi huu nyumba imejaa mahindi, na palipo na mahindi pana panya. Nyumba isiyo na paka huishia kununua sumu, na sumu ile huua panya, kuku, wakati mwingine hata Simba.

Maadamu tuko kwenye mahindi, hapa kuna kazi ambayo wewe mwenye macho mazuri unaweza kuifanya. Mahindi yakihifadhiwa yakiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huo huleta sumu ya aflatoksini ambayo huioni wala huionji, na ambayo imewahi kuua Wakenya. Huna kipima unyevu? Chukua chupa ya glasi iliyokauka vizuri. Tia mahindi hadi robo, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Chumvi ikianguka chini na kuta zikabaki safi, yako tayari kwa gunia. Nyanya atakutazama ukifanya mchezo huo wa chupa, atacheka, halafu atakuomba urudie na gunia la pili.

Sasa Simba. Kazi yake unaijua: mwizi wa kuku, mwizi wa mahindi, mgeni wa usiku. Usichokijua pengine ni lini alichanjwa mara ya mwisho. Uliza. Mara nyingi jibu ni kimya, au “yule kijana wa mifugo alipita mwaka gani vile?”

Si jambo la kuchukulia rahisi. Kichaa cha mbwa kimejulikana Kenya tangu 1912. Duniani, Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka. Karibu visa vyote vya binadamu, hadi asilimia 99, hutoka kwa mbwa, na watoto ndio huumwa zaidi kwa sababu wao ndio hucheza naye. Dalili zikishaanza kwa mtu, hakuna tiba ya kumrudisha. Lakini kabla ya dalili, kinga ipo na inafanya kazi. Serikali imejiwekea lengo la kumaliza vifo hivi kufikia 2030, na njia yenyewe ni kuchanja angalau mbwa 70 kati ya kila 100. Simba wenu ni mmoja wa hao 70, au mmoja wa wale 30.

Kwa hivyo kabla hujaenda kutafuta netiweki, pita ofisi ya mifugo iliyo karibu uulize siku ya chanjo. Mbwa huchanjwa kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka. Weka ile karatasi pamoja na vyeti vya watu. Na mtu akiumwa, hata kama ni mkwaruzo, hata kama mbwa ni wa jirani mnayemjua: osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Usipake tope, usipake mafuta ya taa, usisubiri kuona kama “kitapoa chenyewe.”

Vichupa vya nyanya yangu

Sasa nifike kwa jambo lililonifanya niandike.

Nyanya yangu aliaga mwezi kama huu. Kabla ya mazishi nyumba ilisafishwa, ndivyo inavyofanywa, watu watakuja wengi. Jikoni, juu ya ile dari ya mianzi inayofikiwa na moshi, shangazi alikuta vichupa na vifuko: chupa ya dawa ya kikohozi, kopo la majani ya chai, kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na kitu kama vumbi jeusi. Havikuwa na jina wala tarehe. Shangazi alivimwaga uani ili aoshe vyombo.

Kuku walimaliza kila kitu kabla ya saa nne asubuhi.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama hapo na kikombe cha chai, nikitazama kuku wakidonoa. Sikujua ninachokitazama. Hakuna aliyejua, mpaka mvua za mwisho wa mwaka zilipokuja na mama akataka kupanda chinsaga. Tulinunua mbegu sokoni. Iliota, ilikuwa nzuri tu, lakini baba alionja mara moja akaweka kijiko chini. “Hii si ile,” alisema. Alikuwa ameila ile nyingine tangu azaliwe.

Usimlaumu shangazi. Mwenye makosa ni mimi. Nilienda nyumbani kila Agosti, nikala, nikapakiwa gunia, na sikuwahi hata siku moja kuuliza: nyanya, hizi unazitoa wapi?

Iliyotuokoa ni tabia yake ya kugawa. Mama mmoja jirani, ng’ambo ya kijito, alisikia hadithi yetu. Alikuja na gazeti lililokunjwa.

“Hizi alinipa yeye mwaka ule zangu zilioza,” alimwambia mama. “Nimekuwa nikipanda tu. Sasa ni zenu tena.”

Zawadi iliyokuwa kosa

Kitu ambacho jirani yule hakujua, na pengine nyanya yangu pia hakujua, ni kwamba kwa miaka zaidi ya kumi sheria ingeweza kuwaita wahalifu. Marekebisho ya 2012 ya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea yalifanya kuuza au kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa kuwa kosa, adhabu ikifika faini ya Sh1 milioni au kifungo cha miaka miwili. Nia iliyotajwa ilikuwa kumkinga mkulima dhidi ya mbegu feki, na kweli feki zipo. Muulize yeyote aliyewahi kupanda mahindi yasiyoota. Lakini chandarua kile kilimnasa hata mama anayempa jirani yake kijiko cha chinsaga.

Mwaka 2022 wakulima wadogo walienda mahakamani. Novemba 2025 Mahakama Kuu ilikubaliana nao kwamba vifungu vilivyowazuia wakulima kuhifadhi na kugawana mbegu zao vinakiuka Katiba. Kwa kijana wa mjini habari hiyo ilipita kwenye simu kati ya video mbili za kuchekesha. Kwa bustani ya nyuma ya jikoni ilikuwa habari kubwa.

Ila mahakama haiwezi kukuhifadhia mbegu. Benki ya taifa ya mbegu ipo Muguga, kaunti ya Kiambu, nayo hufanya kazi muhimu ya kutunza aina nyingi za mimea. Lakini haina ladha ya jikoni kwenu. Hiyo iko juu ya dari, ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, na funguo yake ni kumbukumbu ya mwanamke mmoja mzee.

Jinsi ya kuikomboa

Si kazi ngumu. Ngumu ni kuanza kuuliza.

Chagua mimea bora. Nyanya atakuonyesha ile mitatu minne mirefu yenye majani mengi ambayo hajaichuma hata jani. Ulidhani amesahau? Hiyo ndiyo mama wa msimu ujao. Ukichuma mboga, usiiguse.

Kwa chinsaga, ngoja maganda yale membamba yageuke manjano, uyakate kabla hayajapasuka. Ukichelewa siku mbili yatajimwaga yenyewe. Yaanike juu ya gazeti au mkeka kivulini, yapigepige, upepete. Jambo ambalo wengi hawalijui: mbegu mpya ya chinsaga hulala. Ukiipanda mara tu baada ya kuvuna inaweza kukataa kuota ukadhani ni mbovu. Ipe miezi kadhaa ipumzike kwanza.

Kwa managu, chuma matunda yaliyoiva kabisa, yaponde kwenye maji, acha mbegu zitulie chini, mwaga maganda, osha, kausha kivulini. Malenge ni rahisi zaidi: unapopika lenye umbo zuri na tamu, usitupe mbegu zake. Zioshe, zianike.

Kisha jivu. Nyanya huchanganya mbegu na jivu kavu la jikoni kuzuia wadudu, na huziweka mahali pakavu panapofikiwa na moshi. Wewe ongeza kitu kimoja ambacho yeye hakukihitaji kwa sababu alikuwa na kichwa chake: karatasi. Andika jina kwa Ekegusii na kwa Kiswahili, mwezi, mwaka, na nani alimpa. Usiishie kupiga picha tu. Simu hupotea, chupa yenye jina hubaki.

Halafu gawa. Sehemu kwa jirani, sehemu kwa binamu yako wa Keroka, sehemu urudi nayo mjini. Ndoo kuukuu ya rangi yenye matundu chini, udongo na samadi, iweke kwenye balkoni panapopata jua. Chinsaga hupandwa papo hapo, haipendi kuhamishwa. Kata ncha inapotaka kutoa maua ili iendelee kutoa majani. Baada ya mwezi hivi utakuwa na mboga ya kutosha jungu moja dogo. Halitalisha ploti nzima, lakini utajua mmea ule unahitaji nini, na mwaka ujao utamwuliza nyanya maswali ya mtu anayejua anachouliza.

Kabla hujapanda matatu

Basi orodha yako ya Agosti ni fupi. Mahindi yapimwe kwa chupa na chumvi. Simba apate tarehe ya chanjo. Paka apewe maziwa kidogo, anastahili. Na jioni moja, mvua ikigonga mabati na netiweki imekwenda zake, kaa jikoni kwenye kigoda, umwombe nyanya akushushie vichupa vyake kutoka juu, kimoja kimoja.

Atashangaa. Atakuuliza, “Unataka za nini wewe wa Nairobi?” Usimjibu kwa maneno mengi. Chukua kalamu.

Sisi tuna chinsaga yetu tena Nyaramba, ile ya gazeti lililokunjwa. Baba aliionja, akanyamaza, akaomba aongezewe. Lakini kwenye kile kitambaa chenye fundo mlikuwa na mbegu nyingine, kubwa kidogo, za rangi ya kahawia. Nilizitazama zikidonolewa. Mpaka leo hakuna mtu nyumbani anayeweza kuniambia zilikuwa za nini.